Kioo Juu ya Ufa

Fundi Shaame wa Gando hakuja na saruji.
Alikuja na kipande cha kioo, chembamba kama kucha,
akakibandika juu ya ufa kwa plasta kidogo,
huku na huku, daraja la sisimizi,
akaandika tarehe kwa penseli ya sikioni
akaomba chai.

Mama hakupenda.
"Nimemlipia nauli, ananitilia dirisha la panya."

Nyumba hii ya Limbani baba aliijenga
kwa mshahara wa karani wa ghala,
matofali kumi mwezi huu, mwezi ujao hakuna,
msingi wa dhiraa moja
juu ya udongo wa mfinyanzi,
udongo ambao mabibi zetu waliugeuza vyungu
na hakuna hata mmoja aliyeuambia: simama.

Kaskazi ikishika, udongo hujikunja,
ufa hufunguka toka dirisha la jikoni
hadi kwenye saa ya ukutani.
Masika udongo hunywa, huvimba,
ufa hufumba kama mtu anayesingizia usingizi.
Na kila Shaabani, baba na mwiko wake,
akauziba, akapaka rangi,
akatuita tuje kuona: "Umekwisha."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakuwa wa Limbani.
Hapa ukiuziba, unahama:
mwaka huu chumbani, mwakani ukumbini,
kama mgeni asiyesema ataondoka lini.

Kioo kilikatika siku ya kumi na tisa.
Ka! Mama alidhani ni kikombe.
Fundi akaja, akatazama,
hakusema si nilikwambia.
Akaizunguka nyumba kwa miguu.
Akauliza maji ya paa yanaangukia wapi.
Akauliza mfenesi wa Bi Raya una umri gani,
mizizi yake inakunywa kwa nani.
Akalala kifudifudi uani, akasikiliza bomba.

Kisha akabandua plasta, na ndani ya ufa tukamkuta baba:
chokaa, chini yake samawati, chini yake kijani cha skuli,
chini yake saruji tupu yenye alama ya kidole gumba.
Mama akatia gumba lake mle.
Halikuenea.

Tukachimba, mita moja huku, moja kule,
kwani, alisema fundi, humvui mtu viatu vyote viwili
naye amesimama.
Udongo ulinata kwenye koleo kama halua.
Haroub alipoteza ndara moja; imo humo hadi leo,
chini ya nondo, chini ya kokoto.
"Zege si uji wa mgonjwa!"
akafokewa kijana mwenye ndoo ya maji.
Saa tatu usiku bado wanamimina,
simu ya tochi mdomoni. Zege halilali.
"Na nyumba je?" mama akasema.
"Miaka arubaini na minane naisikia ikiguna usiku,
marehemu ananiambia ni paka."

Siku saba akalinywesha, asubuhi na jioni,
magunia mabichi, ndoo na kopo.
Zege halikauki, fundi alimfunza, linakomaa;
ulinyime maji likiwa changa, litakulipa uzeeni.
Mama alicheka kwa pua:
"Hilo nalijua. Nimezaa sita."

Jamvi la uani lilimwagwa likaachwa mbali na ukuta,
pengo la kidole, likajazwa lami.
Nikauliza kwa nini visishikane.
"Udongo utarudi masika," akasema, akiosha karai.
"Ukute pa kukaa."

Sasa kuna kioo kipya, na tarehe mpya.
Mlango wa jikoni, ambao tangu nizaliwe
tuliusukuma kwa bega,
unafunguka kwa kidole,
na sote tumeshaangukia ndani, mmoja mmoja,
Haroub na sinia zima la mchele.

Jiwe la kuuegemezea, mama hajalitupa.
"Masika hayajaja," anasema.
Na alfajiri, kabla hajawasha moto,
namsikia akipapasa ukutani gizani,
akikitafuta kioo kwa vidole.