Mpindua Kurasa

Bei: lari elfu nne na mia mbili.
Nimeisoma kwa miwani, nikaisoma bila miwani.
Haikupungua.

Bachana, kijana wa dukani, anasema
hiki si kishikwambi cha kuangalizia katuni,
hiki ni cha wanaojua wanachotaka.
Mimi sijui ninachotaka.
Nimekuja kumwona tu huyu
anayeomba kazi yangu.

Miaka ishirini na tisa nimekaa kushoto kwa Lamara
kwenye kiti kisicho na mgongo,
katika kumbi za Tbilisi zenye baridi ya kukata masikio,
na mara moja Kutaisi, kwenye piano yenye jino bovu.
Noti sizijui. Kwangu ni sisimizi waliopanda waya.
Ninalolijua ni bega lake.
Bega likishuka kidogo, nasimama,
nalamba kidole,
napindua.

Mwezi Machi nilipindua mbili kwa pamoja.
Vidole vyangu siku hizi vina mambo yao,
vinatetemeka vyenyewe kama kifuniko cha birika.
Lamara aliliruka shimo lile, akatua ng'ambo,
akaendelea kwa kukumbuka. Watu wakapiga makofi.
Kwenye basi hakusema neno.
Aliushika mkono wangu, huo unaotetemeka,
akautia ndani ya mfuko wa koti lake
kama tiketi.

Basi tuhesabu.
Ni mshahara wake wa miezi mitatu na ushei
kwenye shule ya wacheza baleti.
Ni gesi ya majira mawili ya baridi.
Ni meno yangu ya chini, ambayo nimezoea kutokuwa nayo.
Na pedali ya mguu inauzwa mbali.
Na kalamu inauzwa mbali.
Hata jalada, Bachana?
Hata jalada.
Huku ng'ombe anauzwa bila kamba,
na kamba ina bei ya ndama.

Kipo cha bei ya chini, rafu ya pili.
Nimekijaribu. Ukurasa wake ni kadi ya mwaliko wa harusi,
na ukikigusa, kwanza kinafikiri.
Muziki haumngoji anayefikiri.
Najua. Mwezi Machi nilifikiri.

Nikamuuliza: betri?
Saa kumi.
Mimi saa sita, ukinipa chai.
Kinabeba kurasa ngapi?
Maktaba nzima, mzee wangu.
Mimi mkoba mmoja wa ngozi, na mpini umekatika.
Na mpiga piano akikosea, kinafanya nini?
Akacheka. Hakifanyi chochote.
Mimi hukohoa.
Hilo sikumwambia. Ni siri ya kazi.

Kisha akanipa nijaribu.
Ukurasa mpana, mweupe, sisimizi wote wamenona.
Nililamba kidole, mazoea.
Bachana akatazama pembeni, kijana mwenye adabu.
Nikagusa.
Ukapinduka mmoja.
Nikagusa tena, mkono ukicheza ngoma yake.
Mmoja. Mmoja tu.
Lakini kimya. Nilitega sikio nisikie ile fyaa ya karatasi,
na kale kaupepo ambako Lamara husema
humpoza shavu ukumbi ukijaa.
Hamna.

Ni ghali? Ni ghali.
Kina thamani yake? Aulizwe mwenye bega.

Nimeacha lari mia tano, kishika uchumba cha kishikwambi,
kwa jina lake, si langu.
Kwingine kote bei hii haishikiki.
Risiti iko mfukoni.
Nikifika atakuwa anakata vitunguu,
ataniuliza nilikuwa wapi tangu asubuhi,
nami nitasema: nilikwenda kutafuta mtu wa kunipokea zamu.
Kisha, kabla hajaweka kisu chini na kuanza kunikaripia,
nitamuuliza kama kile kiti kisicho na mgongo
kinaweza kubaki palepale.