Mvunja-nira

Mstari ule niliukubali mimi.
Nianze hapo, nisije nikaisingizia mashine.

Ilikuwa Juni, Sokomatola, ghorofani juu ya duka la betri,
vidole vimekufa ganzi, koti sijalivua tangu asubuhi.
Programu mpya ilikuwa imefika wiki ile,
inayosoma picha za setilaiti peke yake
na kuchora kwa waridi kila inachodhani ni barabara.
Kazi yangu ikawa ya mzazi aliyechoshwa na posa:
mshenga anabisha hodi, nami naitikia.
Kubali. Kubali. Kubali.
Kabla ya chai ya saa nne nilikwisha kuozesha
kilomita arobaini za Uporoto
kwa wachumba nisiowajua.

Mmoja ulikatiza msitu wa misonobari nyuma ya Ndwati,
mnyoofu, mweupe.
Ningejiuliza: barabara gani ya milimani isiyo na kona?
Sikujiuliza.

Ambakisye hakunijua, wala mimi sikumjua.
Alikuwa na Fuso, viazi lumbesa themanini,
bei nzuri Dar mpaka Ijumaa tu,
na simu aliyoibana kwenye dashibodi kwa kipande cha tyubu.
Ukungu ukamfumba macho, akaazima ya simu.
Sauti ikamwambia, kwa Kiswahili cha mtu asiyewahi kusikia baridi:
baada ya mita mia mbili, pinda kushoto.
Akapinda.

Hakufa mtu.
Utingo wake, Lusekelo, alivunjika kiwiko.
Viazi vilitangulia gari kufika bondeni,
vikapita katikati ya pareto, vikabisha mabanda ya nguruwe,
na watoto wa Ndwati wakala viazi
mpaka wakaomba ugali.

Nilipanda kwenda kuona. Hakuna aliyenituma.
Nikamkuta Sekela anafungua maksai wake wawili,
gogo nyuma yao bado linatoa utomvu.
"Hii si barabara. Hapa tunaburuzia magogo.
Panaitwa Mvunja-nira. Wewe ulipaonea wapi?"
Nikaonyesha juu.
Akatazama juu, akaona wingu, akanirudia mimi.
"Na huko juu
mteremko hauonekani?"

Nimeibeba hiyo miezi tisa.

Mjini nikaifuta barabara.
Programu ikauliza: basi ni nini?
Njia ya miguu. Njia ya mkokoteni. Kijito cha msimu.
Mburuzo wa magogo haukuwamo.
Nikachagua uongo uliokuwa mdogo kuliko mwingine
na jina nikaliandika lote, na kistari chake.

Sasa Machi, imekuja picha mpya.
Magurudumu ya Fuso yaliipanua ile njia,
waliokuja kuikwamua wakaangusha misonobari sita,
mvua ikamalizia.
Ukiitazama kutoka angani ni barabara hasa,
na mshenga karudi na waridi lake lilelile,
safari hii ana ushahidi,
na ushahidi wenyewe nimemtengenezea mimi.

Nimemkalisha barazani.
Nimempigia Sekela.
Kimya kidogo, nasikia mnyororo ukiburuta,
halafu: "Pikipiki zinapita siku hizi. Wanashusha maziwa.
Haya, andika."
Nikasogeza kidole.
"Ngoja! Andika kushuka tu.
Kupanda, hata maksai wangu wanagoma."

Nimetafuta mshale kwenye orodha.
Mshale upo.