Namba Saba

Bi. Utumishi, nimerudi.
Viatu vya kambini bado vina udongo mwekundu,
nimeviacha nje ya mlango wako
nisije nikachafua zulia mlilolinunua
mwaka ule mliotuambia hakuna hela ya posho.

Barua ya wito uliiona. Uligonga muhuri mwenyewe,
ukasema, "Nenda, Kapteni, taifa kwanza,"
na Ijumaa ile mkanikatia keki
yenye bendera ya sukari.
Asante ya punda ni mateke, hiyo naijua toka utoto.
Ya ofisi sikuijua: huanza na keki,
mateke hufuata mwisho wa mwezi.

Miezi minne.
Nilibeba unga na mablanketi
kule mto ulikokula daraja,
nikatua kwenye uwanja wa mpira, magoli yameng'olewa,
watoto wakisubiri pangaboi lisimame walihesabu.
Sikuwa likizo, Bi. Utumishi.
Likizo mtu huoga maji ya moto.
Mimi nilioga kopo moja, nikalala na buti.

Sasa sikia ya Moshi.
Jumanne, saa nane usiku, Kiborloni,
Ndetaulwa wetu kifua kinapiga filimbi.
Aikande akamfunga mgongoni,
akapanda bodaboda hadi KCMC,
akatoa kadi ya bima.
Binti wa dirishani akaipitisha mara moja, mara mbili,
akaifuta kwenye sketi, akaipitisha tena.
"Mama, mwajiri ameifunga."
Ameifunga. Kama mtu anavyofunga duka.
Aikande akampigia dada yake Uru,
na ndama tuliyemweka kwa ajili ya kipaimara
akauzwa kabla umande haujakauka.

Mtoto yu hai. Nalisema mapema
usije ukadhani naomba rambirambi.
Naomba hesabu.

Nimepita kwenye ubao wa ratiba pale Kisongo.
Niliondoka namba saba.
Nimejikuta namba kumi na tisa,
chini ya Mbazi, chini ya Kirumbi,
chini ya yule kijana Loishiye
niliyemshika mkono asiivunje ndege Seronera
siku pundamilia walipokatiza njia.
Alinikwepa macho, kisha akaninunulia chai.
Nikainywa. Hana kosa. Kalamu haikuwa yake.

Na leseni, mnasema, imelala:
siku tisini bila kurusha ndege yenu.
Saa zangu za kule ni za ndege ya watu wengine.
Mkaguzi aitwe, gharama juu yangu.

Mkataba nimeusoma chini ya taa ya jikoni,
kifungu cha kumi na nne, herufi kama sisimizi:
aitwaye kwenye jeshi la akiba
atarudi nafasini kwake kana kwamba hakuondoka.
Kana kwamba. Neno zuri.
Kana kwamba bima haikufungwa.
Kana kwamba michango ya uzeeni haikuruka miezi minne
kama mtoto anayeruka dimbwi.
Kana kwamba ndama bado anatafuna majani ya mgomba.

*

Jibu lako nimelipata Alhamisi. Mistari mitatu.
Namba saba nimerudishiwa.
Hayo mengine, umeandika, "hayana kifungu."

Asubuhi hiyohiyo nilitua mbele ya mkaguzi,
upepo wa Monduli ukinisukuma ubavuni,
Meru kajifunika hadi mabegani.
Tua, paa. Tua, paa. Tua.
Akaandika "safi", akadai saini, akanipa risiti.

Risiti nimeiambatanisha.
Na ile ya KCMC.
Ya ndama sina; mnunuzi wa Uru haandiki,
lakini jina lake nalijua, na bei naijua.
Nakala moja kwa ofisi ya kazi.
Nakala moja Aikande ameiweka kabatini,
ndani ya birika la wageni.

Wito mwingine, nasikia, huenda ukaja Machi.
Nitaitika.
Keki msinunue.