Wa Pili

Kwetu Butembo mtoto hupewa jina kwa foleni:
wa kwanza Paluku, wa pili Kambale,
na mimi Mbusa, wa sita,
niliyejua mapema kwamba sahani hunifikia
ikiwa imeshapita mikono mitano.
Labda ndiyo sababu waliniketisha juu ya mnara huu wa Goma
nigawe nafasi.

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.
Ukungu umelala ziwani,
moshi wa makaa umeupanda mgongoni.
Nina darubini yenye ufa, penseli,
vipande viwili vya karatasi mezani.
Tatu-Moja: anatoka Bukavu, amepita Idjwi, abiria tisa.
Tisa-Sita: anatoka Walikale, amepita Sake,
magunia ya mawe, mwendo wa mtu anayekimbia deni.

Wakabonyeza redio kwa pamoja.
Sikioni mwangu ukaingia mluzi,
kijiko kikikwangua sufuria tupu.
Hakuna aliyesikika,
na kila mmoja aliamini amesema.

"Rudieni. Mmoja mmoja."
"Tatu-Moja, wewe wa kwanza, endelea."
"Tisa-Sita, wewe wa pili.
Mfuate aliye kulia kwako. Unamwona?"

"Namwona."

Neno jepesi, hilo.
Mwanangu hunijibu "naiona" nikimtuma kalamu,
macho yake yakiwa dirishani.

Basi nikauliza. Kitabu hakidai,
wala sikuwa na sababu ya kukuambia leo:
"Yuko upande gani?"

"Kushoto. Chini. Mweupe."

Kushoto kwake ni mji.
Ni helikopta nyeupe iliyokuwa ikiinuka
juu ya mabati, haina habari naye.
Kulia kwake, ndani ya ukungu ule,
watu tisa wanafunga mikanda,
mmoja ameshika kikapu cha maparachichi magotini,
na yeye tayari ameinamisha bawa
ageuke mbele yao.

Mashariki kuna mpaka.
Kaskazini kuna mlima unaowaka.
Kusini ndiko anakotoka yule asiyeonekana.
Ilibaki njia aliyokuja nayo.

"Tisa-Sita, usishuke! Kushoto, rudi Sake. Panda. Sasa."

Redio ikanyamaza.
Nilisikia saa ya ukutani, ambayo mafundi walisema imekufa.
Nilisikia mate yangu.
Chini, kwenye ukuta wa mawe ya volkeno,
mvulana alikuwa anasukuma chukudu yenye matofali,
akasimama kufunga kiatu.

"Kushoto. Napanda."

Hakuuliza kwa nini. Mungu amrehemu kwa hilo.

Tatu-Moja akatoka kwenye ukungu kama mkono kutoka mfukoni,
akagusa lami, akaruka kidogo, akatulia.
Akaniuliza kama leo mafuta yapo.
Mwenye maparachichi akashuka, akagombana na mpagazi,
akaenda zake.
Hajui. Sitamwambia.

Jioni rubani wa Walikale alipanda ngazi zangu,
sitini na moja, nilizihesabu kwa mihemo yake.
Bahizire, jina lake. Mnene, shati limeloa.
Hakuomba radhi.
"Nilimwona," akasema.
"Uliona," nikamwambia.
Akatazama vipande vya karatasi,
namba yake na namba ya mwenzake, bado vimelaliana ukingoni,
akavitenganisha kwa kidole,
polepole, mmoja huku, mwingine kule.

Kisha akafungua gazeti alilokuja nalo:
sambaza wa kukaanga, bado wa moto,
chumvi, pilipili, ndimu moja.
Nikacheka peke yangu:
kutwa nzima sambaza ni amri kinywani mwangu,
usiku wanarudi wakiwa samaki.

Akasogeza gazeti upande wangu.
"Anza wewe," akasema.

Nikamchukua mmoja, mdogo.
Nilikaa naye vidoleni muda mrefu,
taa za njia ya ndege zikizimwa moja baada ya nyingine,
nisijue wa kwanza hula vipi.