Chupa Bado Ina Joto

Saa nane usiku, Mbeya, mwezi wa sita.
Dirisha la maabara limeota ukungu kwa ndani.
Nimevaa sweta chini ya koti jeupe,
kinyume cha kanuni; mwenye kanuni amelala.

Chupa mbili zimeletwa ndani ya glovu iliyopigwa fundo,
moja kifuniko cha buluu, moja cha kijani.
Karatasi ina mwandiko wa haraka:
Sekela Mwambungu, miaka thelathini na minane, Isyonje.
Mguu wa kushoto, plasta, wiki ya tatu.
Pumzi inakata.
Chini kabisa, neno moja na alama yake: bonge?

Sijamwona Sekela. Siwaoni kamwe.
Nadhani aliteleza mteremkoni,
nadhani alibeba gunia, maana Isyonje
nani huteleza mikono mitupu?
Mguu ukafungwa, ukaambiwa usitembee.
Damu nayo ikasikia.
Damu iliyozoea kupanda mlima ikakaa kitako,
ikaganda kama mafuta ya supu iliyosahauliwa,
kisha kipande kikang'oka, kikapanda,
kikapita moyoni bila hodi,
kikaziba mlango wa pafu.

Hayo ni ya kudhani. Kazi yangu ni kuzungusha.
Mashine inanguruma, wekundu unazama,
utegili unabaki juu, wa njano, kimya.

Namba ya kwanza: kuna kilichoganda, kinamomonyoka.
Siishangai. Namba hii ni mbwa
abwekaye hata kwa mwenyeji:
kwa mjamzito, kwa mzee, kwa aliyevunjika mfupa.

Ya pili naingoja nimesimama.
Troponini.
Moyo ukisukuma mlango usiofunguka
nyuzi zake huchanika,
na vumbi la nyuzi humwagikia damuni.
Likiwa kidogo, huenda atalala, ataamka.
Likiwa jingi, msimwache peke yake usiku huu.

Limekuwa jingi.

Mama yangu, kule Matamba,
mwezi kama huu hutoka nje kabla ya kulala,
huweka kiganja juu ya nyasi, hunusa hewa,
husema: leo sakitu itaunguza.
Halafu haketi kulia. Anatuamsha
tukafunike miche ya viazi kwa majani makavu,
vidole vikiwa vimekufa ganzi, tukimlaani moyoni.
Mara nyingine sakitu haikuja.
Hakuona haya. Alifunua miche asubuhi,
akaenda kuchemsha uji.

Napiga simu wodini.
Dokta Ambakisye anairudia namba taratibu
kama mtu anayehesabu chenji,
na kabla hajakata nasikia magurudumu ya kitanda.

Mwanamume amesimama kwenye kidirisha changu,
blanketi mabegani, matope ya Isyonje kwenye viatu.
"Dada, damu inasemaje?"
Siruhusiwi.
"Imesema daktari awe karibu."
Anaitikia kwa kichwa, anabaki palepale.

Sikumwambia habari za kijana wa Mwanjelwa, mwaka jana,
namba yake ndogo, safi, ya kufurahisha,
nikaandika, nikanywa chai,
na asubuhi shuka lake lilikuwa limekunjwa.
Tangu hapo kila nikiandika namba ndogo
kalamu yangu husita,
ingawa mashine haikukosea, wala mimi.

Saa kumi na mbili. Loleza haijaonekana, ukungu tu.
Mhudumu anasukuma mlango kwa kiwiko:
sampuli nyingine, wodi ileile, jina lilelile,
safari hii herufi zimenyooka,
aliyeandika amepata mahali pa kukaa.

Sijui namba itapanda au itashuka.
Mashine inataka dakika zake.
Ila nimeishika chupa kiganjani kabla ya kuipanga,
muda kidogo kuliko inavyohitajika.
Bado ina joto.