Inchi Mbili

Soko la Eliava, Tbilisi. Manyunyu.
Shio ameinamia meza ya vyuma,
anagonga springi kwa ukucha, anasikiliza
kama anayepima chungu kipya.

Muuzaji ana maneno: "Chukua inchi nne!
Delika yako itapanda Abano kama mbuzi."
Shokomzoba za njano, lari mia tisa;
kando yake za mtumba, zinatoka jasho la mafuta.
Spesa za plastiki Shio anazirudisha:
kimo cha kuazima hakifiki Omalo.

Anaiwaza njia. Kona ya tisa,
pale maji yanapokatiza,
gari hukwaruza tumbo juu ya jiwe
ambalo ameshalitukana hadi likapata jina.
Nne, basi. Anahesabu noti.

Halafu goti la bibi Nazibrola,
lile la kushoto,
na kreti ya bia anayoikanyaga kupanda garini
kila Juni, kondoo wakirudi mlimani,
akikataa kushikwa mkono.

"Mbili," anasema.
"Mbili ni za mjini!" Muuzaji anacheka.

Shio anaviringisha springi ndani ya gunia.
Sururu anayo nyumbani.
Jiwe ndilo litakaloshuka.