Mstari Mtupu

Sebuleni kwetu Al-Khoudh, juu ya kochi la wageni,
shajara ya baba imetundikwa ndani ya kioo:
majina kumi na saba, bin, bin, bin,
wino wa dhahabu, ngazi isiyokosa kidato.
Hakuna mwanamke hata mmoja aliyeikanyaga.

Upande wa mama tuna risiti.
Ilikaa miaka ndani ya mtoto wa meza ya cherehani,
cherehani iliyotoka Tanga ikaja Unguja,
ikatoka Unguja ikaja Maskati mwaka sabini na nne
imefungwa kwa kanga mbili na kamba ya katani.
H. Tammen, 1913. Imelipwa.
Ndiyo yote aliyotuachia Mjerumani wetu,
hiyo, na macho ya Bibi Asumini,
ya kijivu, ambayo hapana aliyeyauliza swali.

Kwenye pasi Bibi aliandikwa binti Abdalla.
Abdalla: koti la kuazima
wanalovishwa watoto ambao baba zao hawatajwi.

Nimestaafu duka la dawa la hospitali. Nina jioni nyingi.
Nikaandika barua Ujerumani, kwa watunza daftari za makanisa;
wakajibu kwa adabu, wakataka yuro ishirini na nne.
Hilal, mume wangu, akauliza pesa za nini.
Mbolea ya ndimu, nikamwambia.

Zikaja picha. Mwandiko ule, jamani!
Meno ya msumeno ukurasa mzima,
e imevaa nguo za n, s inajifanya f.
Nikampelekea Detlev, fundi wa mashine za figo.
Akazigeuza huku na huku, akacheka, akaona haya:
"Bibi yangu angesoma. Mimi siwezi."
Basi tukalingana.

Nikajifunza. Nyuma ya bili za umeme,
herufi moja moja, kama mtoto wa chuoni na ubao wake,
kiyoyozi kikidondoka ndooni,
nje digrii arubaini na mbili, saa tatu usiku.
Mwezi wa pili ukurasa ukaanza kunong'ona:
Hinrich. Amezaliwa Machi 1881.
Mama: Gesche Tammen.
Baba:
hapo si jina, si alama. Mstari tu,
kasisi kaupiga kwa rula.

Nikakaa kitako.
Niliyemfuata ng'ambo anipe baba,
naye hana.

Kando ya jina la Gesche pana neno la herufi nne.
Kamusi ikanijibu: mjakazi.

Neno hilo kwetu halisemwi wageni wakiwapo.
Halisemwi hata wakiondoka.
Mama hukuinamia akulitie sikioni kama dawa ya matone
akimtaja aliyemzaa Bibi Asumini,
yule aliyeitwa Faida,
jina la daftari la duka, si la mtoto.

Najua haukuwa ujakazi mmoja.
Gesche alilipwa, japo viazi; angeweza kuhama shamba.
Faida hakuulizwa kitu,
si na aliyemmiliki, si na Hinrich.
Sitawakalisha kochi moja nikawamiminia kahawa.
Na huyo Hinrich sijamsamehe:
mtoto wa mstari mtupu
akaja kwetu, akaupiga mwingine.

Nikamsomea Mama. Alikuwa anatoa kokwa za tende.
"Gesha," akasema, ulimi ukakwama, akarudia.
"Alikuwa anajua kushona?"
Sijui, Mama. Hawakuandika.
"Lakini yeye wamemwandika."
Akapangusa vidole, kimoja kimoja.
"Mama Faida hayumo popote."

Basi usiku ule, kwa mwandiko uleule wa msumeno,
nyuma ya bili, nikaandika: Faida.
Alizaliwa: sijui. Mama yake:
nikainua kalamu. Pakabaki peupe,
sikupiga mstari.

Mama akaishika karatasi karibu na miwani, muda mrefu,
kisha akaigeuza, akasoma upande wa pili.
"Na umeme huu," akasema, "haujalipwa."